Tuta la Wymondham: nani alipaswa kuifungua kona?

Tarehe 11 Desemba 1988, katika mji wa Wymondham huko Norfolk, Uingereza, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari alitoka Cemetery Lane, njia ya kando, kuingia Station Road. Pikipiki ilikuwa ikija kutoka kulia kwake. Hakuiona mapema. Wakagongana, na mwendesha pikipiki akaumia vibaya.

Ingekuwa ajali ya kawaida, mambo yangeishia kwa kampuni ya bima. Lakini kwenye kona ile kulikuwa na tuta la udongo, na juu ya tuta uzio. Dereva aliyetoka Cemetery Lane akageuza shingo kutazama kulia, alichokiona kwanza ni udongo, kisha kipande kifupi tu cha barabara. Tuta halikuwa sehemu ya barabara. Lilikuwa ndani ya ardhi ya British Rail, shirika la reli la umma la wakati ule. Na halmashauri ya Norfolk, ambayo ndiyo ilikuwa na dhamana ya barabara zile, ilijua kwamba tuta ni hatari.

Kesi ilipanda ngazi hadi House of Lords, ambayo siku hizo ndiyo ilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Hukumu ilitolewa Julai 1996, na majaji watano waligawanyika: watatu upande mmoja, wawili upande mwingine. Vyuoni inafundishwa kama kesi ya dhima ya vyombo vya umma, na kweli ndivyo ilivyo. Ila ukiisoma ukiwa na kichwani ule ugomvi wa kila siku wa ua wa michongoma uliofunika kona au kumeza njia ya waenda kwa miguu, unaona ni ugomvi uleule. Kuna kitu kinachoziba, kiko kwenye ardhi ya mtu, barabara ni ya umma, kila mmoja anakiona, na kinaendelea kuziba. Kilichobadilika ni udongo tu badala ya majani.

Nadhani tunachanganya maswali mawili. La kwanza: nani wa kuondoa kinachoziba? La pili: mtu akishaumia, nani alipe? Mitaani tunayauliza kwa pumzi moja, "ni jukumu la nani?", na tunatarajia jibu moja. Kesi ya Wymondham inaonyesha kwamba sheria ya Uingereza ina majibu mawili, na anayebeba la kwanza anaweza asiguswe kabisa na la pili.

Jinsi jalada lilivyolala

Sehemu hii ndiyo inayonishika zaidi, maana haina mtu mbaya.

Kona ile ilikuwa na historia. Ajali za namna ileile zilikwisha kutokea pale zaidi ya mara moja. Hazikuwa nyingi kiasi cha kuiingiza kona kwenye orodha ya vipaumbele vya halmashauri, ambayo ilipangwa kwa idadi ya ajali, lakini zilitosha kumfanya mtu wa ofisini ashituke. Januari 1988, miezi kumi na moja kabla ya ajali, ofisa wa halmashauri aliwaandikia British Rail akipendekeza sehemu ya tuta iondolewe. Watu wa pande zote mbili wakakutana palepale kwenye kona, wakaangalia. Mwakilishi wa reli akasema atalipeleka suala kwao na atarudi na jibu.

Jibu halikuja. Ofisa wa halmashauri aliyekuwa akilifuatilia akahamishiwa kazi nyingine. Jalada likalala. Desemba ikafika.

Mtu anaweza kudhani kulikuwa na shida ya fedha. Haikuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, gharama yake ndogo, na fedha zilikuwepo. Uamuzi pia ulikuwepo: halmashauri ilikwisha kukubali kimsingi kwamba tuta lipunguzwe. Hakuna aliyekataa. Reli hawakusema hapana, halmashauri hawakusema hatuna uwezo. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga simu ya pili.

Wanaofanya kazi ofisi za umma wanaijua hali hii vizuri. Suala ambalo limekataliwa lina nguvu kuliko suala ambalo limekubaliwa halafu likaachwa, kwa sababu anayekataliwa hukata rufaa, huandika tena, hupiga kelele. Anayeambiwa "tumelichukua, tutarudi kwako" huenda nyumbani akiwa ameridhika. Malalamiko mengi ya ua uliozidi hufia hapohapo.

Zana tatu zilizokuwa mezani

Sheria inayotawala barabara za England na Wales ni Highways Act ya mwaka 1980. Vifungu vitatu vinahusika na kisa chetu, na tofauti zake zinastahili subira kidogo, maana humo ndimo fedha zinamokaa.

Kifungu cha 41 kinaibana mamlaka ya barabara kuitunza barabara. Hapa hakuna hiari: ni wajibu. Shimo likiachwa, mtu akaanguka, mamlaka hudaiwa, na hujitetea kwa kuonyesha kwamba ilikuwa na utaratibu wa kuridhisha wa kukagua na kukarabati. Lakini wajibu huu ni wa barabara yenyewe. Tuta lilikuwa upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo hoja ya kifungu cha 41 haikufua dafu.

Kifungu cha 79 ndicho kilichokuwa na meno. Kinaiwezesha mamlaka ya barabara, pale penye kona au makutano ambapo macho ya watumiaji yanazibwa, kumpelekea mwenye ardhi notisi ya kumwagiza arekebishe ukuta, uzio, mti, kichaka au mimea mingine. Na waandishi wa sheria hawakusahau udongo: kifungu chenyewe kinasema neno "ukuta" humo linajumuisha tuta. Halmashauri ya Norfolk basi haikuhitaji kuwabembeleza British Rail. Ilikuwa na mamlaka ya kuwaagiza.

Kifungu cha 154 ni cha mimea peke yake, na ndicho kinachotumika kila siku kwa ua wa nyumba za watu. Kinagusa ua, mti au kichaka kinachoning'inia juu ya barabara au njia ya umma kiasi cha kuhatarisha au kuzuia wapitao, au kinachoziba macho ya madereva, au kinachofunika mwanga wa taa ya barabarani. Mamlaka inaweza kumpelekea notisi mwenye ua, au yule anayeikalia ardhi, ikimtaka akate ndani ya siku 14. Asiporidhika, anaweza kukata rufaa mahakama ya mahakimu. Asipokata ua wala rufaa, mamlaka huja kukata yenyewe na kumdai gharama.

Sasa tazama fedha. Chini ya kifungu cha 154 anayelipa ni mwenye ua. Chini ya kifungu cha 79 ni kinyume: mwenye ardhi akitekeleza agizo, ana haki ya kurudishiwa gharama zake na mamlaka, na akipata hasara kutokana na agizo hilo anaweza kudai fidia. Kwangu mantiki yake inaeleweka. Tuta limekaa hapo, aliye nalo hakufanya kosa lolote, umma ndio unaotaka kona iwe wazi zaidi, basi umma ulipe. Ua nao unakua. Umezidi kwa sababu kuna mtu hakuukata.

Lakini vifungu hivi viwili vinapishana katikati. Ua ulio kwenye kona, unaoziba macho ya madereva, unaweza kushughulikiwa kwa kifungu chochote kati ya hivyo. Ofisa anayeandika notisi ndiye anayechagua namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua bili iende kwa nani. Mwenye nyumba aliyepokea barua ya halmashauri kuhusu ua wake aanze kwa kutafuta namba ya kifungu, kabla hata ya kusoma yaliyoandikwa chini yake.

Kuna jambo jingine ambalo vifungu vya 79 na 154 vinashirikiana, na ndilo lililoiua kesi: vyote vinasema mamlaka inaweza. Havisemi ni lazima. Kifungu cha 41 kinatoa wajibu. Hivi viwili vinatoa mamlaka, yaani uwezo wa kutenda ukiamua kutenda.

Mahakamani

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo hupotea katika masimulizi ya kesi hii. Mwendesha pikipiki hakuachwa mikono mitupu. Dereva alikuwa na makosa, na bima ya gari ni ya lazima, kwa hiyo fidia yake ilikuwa na pa kutoka. Aliyeiburuta halmashauri mahakamani ni upande wa dereva, kwa maana halisi kampuni ya bima yake, ikisema: makosa si yetu peke yetu, tuta lilichangia, na halmashauri ilijua. Ugomvi uliofika juu ulikuwa wa kugawana bili kati ya bima na mfuko wa umma. Si mgonjwa dhidi ya serikali. Ukilisahau hili, hukumu ya wengi inaonekana katili kuliko ilivyo.

Jaji wa kwanza aligawa lawama: asilimia 70 kwa dereva, asilimia 30 kwa halmashauri. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. House of Lords ikageuza.

Lord Hoffmann aliandika kwa niaba ya wengi, akiungwa mkono na Lord Goff na Lord Jauncey. Nguzo ya hoja yake ni tofauti kati ya kutenda na kutotenda. Halmashauri haikuliweka tuta pale. Haikuifanya kona kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Lawama yake yote ni kwamba haikuondoa hatari iliyoletwa na wengine, na sheria ya uzembe kwa kawaida haimlazimishi mtu kulipa kwa sababu tu hakumwokoa mwenzake. Bunge kuipa halmashauri uwezo wa kuondoa hakubadilishi hilo. Ili mamlaka ya hiari igeuke kuwa deni la fidia, Lord Hoffmann alitaka mambo mawili yathibitishwe: kwamba kutotenda kulikuwa jambo ambalo chombo chenye akili timamu kisingelifanya, na kwamba kuna sababu za kipekee za kuamini sheria yenyewe ilikusudia walioumia walipwe. Hakuona hata moja.

Kisha akaongeza hoja mbili za kimaisha. Moja, madereva wanaichukua barabara kama walivyoikuta. Kila mtu anajua kuna kona mbaya na makutano mabaya, na wajibu wa kwanza wa uangalifu ni wa aliyeshika usukani. Pili, halmashauri zikianza kudaiwa kwa kila kona ambayo hazikuiboresha, zitakimbilia kumwaga fedha barabarani ili zijikinge, na fedha hizo zitatoka kwenye elimu na huduma za jamii.

Lord Nicholls na Lord Slynn walikataa. Kwa Lord Nicholls halmashauri hii hakuwa mpita njia aliyeona mtu anazama. Ni chombo ambacho Bunge limekipa kazi ya barabara, kilichoijua hatari, chenye uwezo wa kisheria wa kuiondoa, na ambacho kilikwisha kuamua kuiondoa. Watumiaji wa barabara hawana uwezo huo, wanaitegemea halmashauri. Kama hapa hakuna wajibu, utapatikana wapi?

Nikiulizwa, hoja ya elimu na huduma za jamii naiona dhaifu kwa kisa hiki. Halmashauri haikuchagua kati ya shule na tuta. Ilikwisha kuchagua tuta, fedha zikiwepo, ikasahau. Kusahau si sera. Lakini hoja ya kutenda na kutotenda ina uzito ambao mara nyingi tunaupuuza tukiwa na hasira. Fikiria ingeamuliwa kwamba halmashauri inadaiwa kwa sababu iliandika ile barua ya Januari. Ofisa yeyote mwenye busara angejifunza kutoandika. Halmashauri isiyokagua kona hata moja ingekuwa salama kuliko inayokagua, ikaandika, ikachelewa. Hukumu ya wachache ingemfariji aliyeumia katika kisa kimoja na pengine kuwafunga mikono maofisa katika visa vingine mia.

Hoja ya "dereva aichukue barabara kama alivyoikuta" naikubali nusu. Inamhusu aliyetoka kwenye njia ya kando: ukiwa huoni, songa polepole, simama, chungulia, songa tena. Haimsaidii aliyekuwa kwenye barabara kubwa akienda zake, mwenye haki ya kupita. Yeye hakuwa na cha kuchungulia.

Mwaka 2004 House of Lords iliurudia msimamo huu katika kesi dhidi ya halmashauri ya Calderdale, iliyohusu alama ya barabarani ya kuwaonya madereva wapunguze mwendo. Tangu hapo mlango umekuwa mwembamba zaidi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, neno moja la pembeni. Sheria ya mahakama ya Kenya inapokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania Bara kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya 1996 haiwafungi majaji wa Nairobi wala Dar es Salaam. Inaweza kuwashawishi, basi.

Tuweke ua mahali pa tuta

Chukua kona ileile, ondoa udongo, panda michongoma. Nini kinabadilika?

Swali la nani aondoe linakuwa jepesi. Kifungu cha 154 kinamfikia mwenye ua moja kwa moja, na hata kama nyumba imepangishwa, notisi inaweza kwenda kwa mwenye ua au kwa anayeikalia ardhi. Mpangaji na mwenye nyumba watagombana kwa mkataba wao, hilo haliihusu mamlaka ya barabara. Wala mamlaka haihitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba ua unaziba.

Swali la nani alipe baada ya ajali linakuwa gumu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kisa cha makutano huko Wales. Mwendesha baiskeli aligongana na gari, na upande wa dereva ukataka kuziingiza mamlaka za umma zilizohusishwa na ardhi ya kando, kwa madai kwamba mimea iliyokua pale iliziba macho. Ni Wymondham upya, safari hii majani. Mahakama ilisema hapana: mwenye ardhi hana wajibu wa uangalifu kwa watumiaji wa barabara kwa sababu tu mimea iliyo ndani ya mpaka wake inawapunguzia uwezo wa kuona. Haikujali kama mwenye ardhi ni mtu binafsi au chombo cha umma.

Mpaka ndio unaoamua. Tawi lililovuka likaingia barabarani au juu ya njia ya miguu ni habari nyingine kabisa. Hapo mwenye ardhi ameiachia mali yake ivamie njia ya umma, na mtu akiumia kwa tawi hilo, dai dhidi yake lina miguu ya kusimamia. Tawi lililobaki ndani, hata likiifunika kona yote, linaweza kuamriwa likatwe lakini si rahisi limletee mwenyewe deni la fidia. Ukimweleza haya mtu aliyeponea chupuchupu kwenye kona ya jirani, hatakuelewa. Na sina hakika kwamba anapaswa kuelewa.

Upande wa waenda kwa miguu

Majaji wa Wymondham walikuwa wakifikiria madereva. Mantiki ya "ichukue barabara kama ulivyoikuta, na bima ipo" inaanza kuvuja mara tu unapohamia kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Asiyeona hupapasa ardhi kwa fimbo nyeupe, kushoto na kulia, mbele ya hatua yake. Fimbo hukuta ukingo, nguzo, baiskeli iliyoachwa. Tawi lililojitokeza kwenye usawa wa uso halina kitu chini yake. Fimbo inapita bila kugusa chochote, na kinachofuata kuligusa tawi ni shavu au jicho. Hakuna uangalifu ambao mtu huyu angeuongeza. Amekwisha kufanya yote.

Anayetumia kiti cha magurudumu naye akikuta ua umekula nusu ya upana hana nafasi ya kujipenyeza kwa ubavu kama wengine. Ama arudi hadi penye mteremko wa ukingo, ama ashuke barabarani pale pasipo na mteremko, mgongo ukiwa umeelekea magari. Mama mwenye kigari cha mtoto hufanya hesabu hiyohiyo. Na wao hawana bima ya lazima ya dereva inayosubiri nyuma ya kila ajali, kwa sababu mara nyingi hakuna gari lililogonga: kuna jicho lililochomwa na mwiba, kuna mtu aliyeteguka akishuka ukingo.

Wenye ua wengi si wakaidi. Wanauona ua wao kutoka ndani. Upande wa bustani umepunguzwa vizuri, umenyooka, na juu umekatwa kwa usawa. Upande wa nje, ambao mwenye nyumba huupita akiwa ndani ya gari, ndio umevimba. Shina liko palepale lilipopandwa, mpaka haujasogea, na kwa macho yake hakuna kilichobadilika. Barua inapofika husema kwa dhati kabisa kwamba ua wake hauna shida, na mara nyingi picha moja iliyopigwa ukiwa umesimama kwenye njia ya miguu humaliza ubishi kuliko kurasa tatu za sheria.

Ndege

Kuna utetezi mmoja ambao hujitokeza kila majira ya kuchipua, na si wa kupuuzwa: "Siwezi kukata sasa, kuna viota." Sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachotumika au kinachojengwa, na mwenye nyumba anaweza kuingia matatani kwa shoka la haraka. Kwa mashamba ya England kanuni za mwaka 2024 zimeongeza marufuku ya kukata ua kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti. Lakini kanuni hizo ni za mashamba, si za bustani za nyumbani, na zimeacha mlango kwa ua unaozuia barabara au kuhatarisha wapitao. Sheria ya viota haina mlango wa namna hiyo kwa anayejua kiota kipo na angeweza kungoja au kukata sehemu nyingine. Kwa hiyo anayetaka kukwepa ugomvi wote huu hukata kabla ya Machi, na halmashauri inayotaka kukwepa jibu la viota huandika barua zake wakati wa baridi.

Barua ya kona

Aliye na kona kama ya Wymondham leo, kwa England na Wales, hawezi kuilazimisha halmashauri itumie kifungu cha 154 au cha 79 kwa kuitishia fidia, maana majaji watatu walikwisha kulifunga hilo. Anachoweza ni kulinyima jalada usingizi.

Barua iende kwa mwenye ardhi na nakala kwa mamlaka ya barabara, kila mmoja ajue mwenzake anajua. Ieleze ua unafanya nini hasa: unaingia njiani, unaziba macho ya madereva, au unafunika taa. Kila kimoja ni msingi wake katika kifungu cha 154, na "ua umezidi" peke yake si msingi wa chochote. Picha ipigwe kutoka mahali anapoathirika mtu, yaani kwenye usawa wa macho ya dereva anayetoka njia ya kando, au kwenye njia ya miguu ukiangalia upana uliobaki. Iombe namba ya kumbukumbu, jina la cheo linaloshughulikia badala ya jina la mtu, na tarehe ya jibu. Cheo hakihamishwi. Ofisa wa Norfolk alihamishwa na suala likaondoka naye, na huenda barua moja ya Juni au Julai 1988 iliyoandikwa kwa cheo, ikiuliza tu reli walijibu nini, ingeifungua kona ile kabla ya Desemba.

Na jibu likiwa "tumelichukua, tutarudi kwako", uliza lini.